Cobalt ya 2005 iliyojizima barabarani: kisa cha swichi ya GM toka mwanzo

Machi 2010, Georgia, Marekani. Kuna dada mmoja muuguzi wa watoto, anaendesha Chevrolet Cobalt ya 2005, gari la kampuni ya General Motors (GM), kagari ka kawaida tu ka mtu wa mshahara. Siku moja yuko njiani gari likazima ghafla, yaani halijakwama foleni wala halijaisha mafuta, limezima likiwa linatembea na stelingi ikawa ngumu balaa, akapambana nalo mpaka akalisimamisha pembeni. Akampigia baba yake akamweleza. Mzee akamwambia kitu ambacho mzazi yeyote angesema, lipeleke kwa wakala waliokuuzia, usiliendeshe hivohivo.

Akalipeleka. Wakasafisha mfumo wa mafuta wakamrudishia. Tarehe 10 Machi jioni, siku anatimiza miaka 29, yuko barabarani na mvua imenyesha, gari likapoteza mwelekeo likaingia upande wa pili wa barabara, likagongwa na gari lililokuwa linakuja, likatumbukia kwenye kijito. Alikuwa amefunga mkanda. Alifariki.

Polisi wakaandika kile ambacho huwa kinaandikwa, kwamba alikuwa anakimbia kuliko hali ya barabara inavyoruhusu. Na hapo ndo kisa kingeishia, kama vingine vingi kabla yake vilivyoishia kwa mtindo huohuo, ila baba mtu akagoma. Anamjua mwanae anavyoendesha, na anajua gari lilizima siku chache tu kabla. Akamtafuta wakili, jamaa anaitwa Lance Cooper, wakaanza kuchimba.

Sasa kabla sijaenda kwenye uchimbaji ngoja nieleze hii swichi, ile ya kuwashia gari kwa ufunguo, maana bila kuielewa kisa chote kinakuwa hadithi tu.

Unapoingiza ufunguo kuna hatua kadhaa: imezimwa, halafu ile ya kusikilizia redio injini ikiwa haiwaki, halafu ile ya gari kuwaka, mwisho ya kupigia stata. Kinachofanya ufunguo ubaki pale kwenye "gari linawaka" ni kipini kidogo cha chuma na springi yake ndani ya swichi, kinaingia kwenye kishimo chake kinashikilia, ndo ule mgando unaousikia mkononi ukizungusha. Springi ikiwa legevu au kipini kikiwa kifupi, mgando unakuwa mwepesi, na ufunguo unaweza kurudi wenyewe kwenye hatua ya redio. Ukipita kwenye shimo, ukaugusa kwa goti, au una shazi la funguo zito linaning'inia, tayari umezima gari ukiwa kwenye spidi. Na sisi huku tunavyopenda kuning'iniza vitu, ufunguo wa gari unakaa na wa geti, wa dukani, wa kufuli la stoo, na kifungulia soda juu yake.

Injini ikizima hivyo, pawa stelingi inaondoka. Breki zinabakiwa na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili halafu pedali inakuwa kama unakanyaga ukuta. Dereva mzoefu anaweza kuliburuza mpaka pembeni, kama huyu dada alivyofanya mara ya kwanza. Ila kuna la tatu na ndo kiini cha kisa: kwenye hayo magari ufunguo ukirudi hatua ya redio, kompyuta ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga ukigonga, nayo inapoteza umeme. Kwa hiyo sekunde ileile gari limekuwa gumu kuliongoza na uko karibu kabisa kugonga kitu, ndo eabegi imelala.

GM walijua lini kwamba swichi ni mbovu? Toka haijaingia sokoni. Kipimo walichokitaka wenyewe ni kwamba nguvu ya kuizungusha isipungue nyuton-sentimita 15. Watengenezaji wa swichi walikuwa Delphi, na vipimo vyao vya 2002 vilionyesha haifiki hapo. Mhandisi wa GM aliyekuwa anasimamia swichi hiyo, Ray DeGiorgio, akaipitisha hivohivo. Swichi ilikuwa imeshamtesa kwa matatizo mengine mpaka barua pepe moja alijisaini kama mtu aliyechoka na swichi ya kuzimu. Ikaingia kwenye Saturn Ion, gari lingine la GM, halafu Cobalt.

Cobalt ilipotoka, mwishoni mwa 2004 na mwaka 2005, malalamiko yakaanza kabla hata wateja wengi hawajainunua. Wahandisi wa GM wenyewe waliizima kwa goti wakati wa kuijaribu. Waandishi wa magazeti waliopewa gari wakajaribu nao wakaandika kwamba inajizima. Hakuna siri hapo, ilikuwa kwenye gazeti kabisa!

Ndani ya kampuni wakafungua faili. Machi 2005 faili likafungwa bila kitu kufanyika, sababu waliyoandika ni kwamba ufumbuzi wote unachukua muda mrefu, vifaa vya kiwandani na bei ya kila kipande viko juu, hakuna uliokuwa na maslahi ya kibiashara. Baadaye kwenye bunge la Marekani ilitajwa senti 57 kwa kila gari. Mwingine angesema wahandisi hawa walikuwa wauaji wanaohesabu senti, na hivyo ndo kisa kinavyosimuliwa mara nyingi. Mi siamini hivyo, na nadhani ukweli unatisha zaidi.

Wao walilipanga tatizo kwenye kapu la usumbufu kwa mteja, si kwenye kapu la usalama. Hoja yao: gari likizima mteja bado anaweza kulipeleka pembeni na kuliwasha tena, kwa hiyo ni kero tu. Ukishaliita kero, kuuliza linagharimu shilingi ngapi ni swali halali kabisa, kila kampuni duniani inapiga hesabu za kero. Ila hawakuunganisha kitu kimoja, kwamba swichi ikirudi nyuma eabegi haifanyi kazi. Ripoti ya uchunguzi ambayo GM walimlipa wakili Anton Valukas kuiandika, iliyotoka Juni 2014 ikiwa na kurasa zaidi ya 300, inasema wazi kwamba wahandisi waliokuwa wanajadili hii swichi hawakuelewa gari lao lilivyoundwa. Watu wa eabegi walikuwa chumba kingine na watu wa swichi chumba kingine. Mkwe wangu fundi umeme wa magari pale Ilala nilimsimulia akacheka, akasema hilo angeliona kwenye mchoro wa waya kabla chai haijapoa. Labda anajisifu, ila kweli mchoro ulikuwepo.

Walichofanya ni kutuma taarifa kwa mawakala Desemba 2005: mteja akilalamika, mwambie apunguze uzito kwenye funguo, na mpe kiplastiki cha kuziba ile nafasi ndefu ya kichwa cha ufunguo ibaki tundu dogo, ili shazi lisicheze sana. Na kwenye taarifa hiyo wakakwepa kuandika neno la gari "kuzima", kwa sababu neno hilo lingewaamsha NHTSA, yaani mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Wateja waliopewa hicho kiplastiki kwa mujibu wa kumbukumbu za waranti ni 474. Magari yenye tatizo yalikuwa mamia ya maelfu.

Kwa hiyo yule muuguzi alipopeleka gari lake 2010, dawa ya tatizo lake ilikuwa imeshaandikwa miaka zaidi ya minne nyuma, iko kwenye mfumo wa mawakala, ila fundi anaitafutaje? Anayekuja anasema gari limezima. Neno hilo limeondolewa kwenye taarifa. Mafundi wakaenda kwenye mafuta, na kusema haki gari likizima likiwa linatembea kitu cha kwanza utakachofikiria ni mafuta.

Sasa kuna sehemu moja mi huwa inaniuma kuliko zote kwenye hiki kisa. Oktoba 2006 kule Wisconsin Cobalt ilitoka barabarani ikagonga mti, mabinti wawili wakafa, eabegi hazikufunguka. Askari wa barabarani wa jimbo, si injinia, askari tu, akaandika ripoti yake 2007: ufunguo ulikuwa hatua ya redio, akatafuta akaikuta ile taarifa ya GM kwa mawakala kuhusu funguo, akaunganisha moja kwa moja kwamba swichi imezima gari na eabegi kwa pamoja. Amemaliza kesi. Ripoti hiyo ilifika GM mwaka huohuo ikawekwa kwenye faili. Kwa mujibu wa Valukas, hakuna aliyeisoma na kuifanyia kazi mpaka 2014.

NHTSA nao wasijifanye. 2007 mtu wao mmoja alipendekeza wafungue uchunguzi wa eabegi zisizofunguka kwenye hayo magari, wakakaa kikao wakasema takwimu hazionyeshi mwelekeo wa kuwatia wasiwasi, wakaacha.

Tumrudie Cooper na mzee. Kiboksi cha kurekodi data kwenye Cobalt ya marehemu kilionyesha kwamba sekunde chache kabla ya kugongwa ufunguo ulirudi kutoka kwenye kuwaka kwenda kwenye redio. Hiyo peke yake inaondoa lile la "alikuwa anakimbia". Ila haisemi kwa nini ufunguo ulirudi, na mahakamani GM wangesema mteja aliugusa mwenyewe. Cooper akamtafuta injinia wa Florida, Mark Hood, achunguze swichi.

Hood akapima swichi ya ajali ikawa nyepesi kweli. Akaenda kununua mpya kwa wakala, kama dola 30 hivi, ili alinganishe, na ile mpya ikawa ngumu kuizungusha kuliko ya kwanza. Hapo ungesema sawa, ya zamani imechakaa. Akapiga eksirei, akazifungua zote mbili, akakuta haihusiani na kuchakaa: kipini cha mpya ni kirefu kidogo na springi imebanwa zaidi. Ni kifaa kingine kabisa. Halafu akaangalia namba ya spea, zote mbili zina namba ileile.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kaunta ya duka la spea anajua hii ni dhambi ya aina gani. Namba ya spea ndo kitambulisho, ukibadilisha kifaa unabadilisha namba, hata herufi moja tu mwishoni, ili wa gereji ajue kipi ni kipi. Mtu akikuletea swichi mbili zenye namba moja huna sababu duniani ya kuzifungua. Hood akazunguka akaokota swichi kwenye magari mabovu ya miaka tofauti, akaona mabadiliko yanaanzia kwenye magari ya 2008 kwenda mbele.

Na hili ndo lilikuwa limewatesa hata wapelelezi wa ndani ya GM. Wao kwa miaka walikuwa wanaziona hizi ajali za eabegi kutofunguka, wamegundua kwamba ni magari ya mpaka 2007, ya 2008 na kuendelea hayana shida, wakawa wanajiuliza kitu gani kilibadilika, wanaangalia kumbukumbu za swichi wanakuta namba ni ileile, basi wanaivuka swichi wanaenda kutafuta kwingine. Kimtego kidogo cha karatasi kikawapoteza muda wote huo huku watu wanaendelea kufa.

Aprili 2013 Cooper akamweka DeGiorgio kitini chini ya kiapo, akamwonyesha picha za swichi mbili. DeGiorgio akasema hajui mabadiliko yoyote yaliyofanyika. Baadaye mwaka huo karatasi ikapatikana kutoka Delphi: ruhusa ya kubadilisha kipini na springi, Aprili 2006, saini yake. Kama alisahau au alidanganya mimi siwezi kuingia kichwani mwake. Ila kitendo chenyewe ukikitazama, mtu anarekebisha kosa na hapohapo anafuta alama ya kwamba kosa liliwahi kuwepo. Magari mapya yakapona, na yale ambayo yameshauzwa yakaachwa na wenyewe bila mtu kuwaambia.

Septemba 2013 GM wakamaliza na familia kwa dola milioni 5, na haikuwa imeitwa gari hata moja irudi kutengenezwa. Februari 2014 ndo wakatangaza kuyaita magari yarudi, wakaanza na Cobalt na Pontiac G5 kama laki 7 na 80 elfu, wiki mbili hazijaisha wakaongeza Ion na wenzake, mwisho wa Machi wamefika milioni 2.6. Ile nyongeza ya kwanza ilikuja baada ya Cooper kuwaandikia NHTSA kwamba wamedanganywa kuhusu ni lini GM walijua.

Mary Barra alikuwa ndo kwanza ameshika ukurugenzi mkuu Januari mwaka huohuo, Aprili mosi yuko bungeni anahojiwa, na majibu mengi yalikuwa ngojeni uchunguzi uishe. Uchunguzi ulipotoka ukaeleza mambo ya ofisini ambayo hata huku kwetu utayatambua. Kuna kile walichokiita kuitikia kwa kichwa cha GM: kikao kizima kinakubali kwamba mpango ni mzuri, kila mmoja anatikisa kichwa, wanatoka hakuna anayefanya. Na kuna saluti ya GM: mikono imekunjwa kifuani, vidole vinaonyesha huku na huku, yaani kazi hii si yangu ni ya yule. Wakafukuzwa watu 15.

Kuna na hii ya maneno. NHTSA walianika slaidi za mafunzo ya 2008 ambapo wafanyakazi walifundishwa maneno 69 ya kutoandika. Usiandike "kasoro", andika haifanyi kazi kulingana na ubunifu. Usiandike "tatizo", andika hali au suala. Ukimfundisha injinia kuandika hivyo, halafu ukashangaa kwamba ripoti zake hazikukushtua, shida ni ya nani?

Malipo. Mei 2014 NHTSA waliwapiga faini ya dola milioni 35, ndo ilikuwa kiwango cha juu kabisa kisheria, pesa ya chai kwa kampuni ile. Septemba 2015 wakamalizana na serikali kwenye kesi ya jinai kwa dola milioni 900, hakuna mtu aliyepelekwa jela. Mfuko wa fidia akapewa Kenneth Feinberg, mzoefu wa kazi hizo, ndo aliyesimamia fidia za Septemba 11. GM mwanzoni walikuwa wanasema vifo 13. Yalikuja madai zaidi ya elfu nne, Feinberg akakubali vifo 124 na majeruhi 275, mfuko ukalipa dola milioni 594 na ushee. Kutoka 13 mpaka 124, na hao ni wale tu walioweza kuthibitisha, maana gari la ajali ya 2005 nani bado analo?

Na usisahau GM ilifilisika 2009 ikaokolewa na pesa za serikali, ikazaliwa upya kisheria, wakataka kutumia hilo kukwepa kesi za magari ya kabla ya hapo. Mahakama ya rufaa ya New York ikawakatalia 2016, ikasema huwezi kutumia ufilisi kumfungia mlango mtu ambaye hukumwambia gari lake lina shida.

Familia ya muuguzi nao walipojua yote haya wakafungua kesi upya, wakamalizana tena 2015, kiasi hakikutajwa.

Kuna dada mwingine, wa Texas. 2004 Saturn Ion yake ilitoka barabarani ikagonga mti, mchumba wake aliyekuwa kiti cha pembeni akafa, yeye akaumia vibaya. Hakukuwa na alama za breki, hakuna aliyeelewa, na damu yake ilikutwa na dawa kidogo ya kutuliza wasiwasi. Akashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe, 2007 akakiri kosa, akapewa kifungo cha nje na faini. Karibu miaka kumi ameishi akiamini kwamba ameua mtu aliyempenda, mama wa marehemu naye anaamini hivyo. Novemba 2014, baada ya GM kukiri kwamba ajali hiyo ni miongoni mwa zile za swichi, jaji akaifuta hukumu.

Kwa wenye magari wakati ule wa 2014 hali ilikuwa hivi: barua imeshafika nyumbani inasema swichi yako ni mbovu, unapiga simu kwa wakala spea hakuna, viwanda ndo vinaanza kuzalisha, subiri miezi. Ushauri ulikuwa endesha na ufunguo mtupu, toa kila kitu kwenye kishikizo. Barra akaulizwa bungeni kama angewaruhusu wanae kuliendesha, akasema angewaruhusu, ila wawe na ufunguo wa gari peke yake. Ushauri uleule wa Desemba 2005, safari hii umetumwa kwa wote.